Kijana wako hagusi Misa? Mwongozo wa kumpeleka bila vita kila Jumapili

Wazazi wenzangu, nimeulizwa maswali haya mara nyingi mpaka nimeona bora niyaandike yote sehemu moja. Karibu kila Dominika kuna mzazi ananivuta pembeni baada ya Misa, "hivi wewe wako unawafanyaje mpaka wanakuja?" na mimi najibu nusunusu kwa sababu watoto wenyewe wamesimama pale wanasikiliza, kwahiyo hapa ndo nimeyaandika kwa kirefu.

Mimi ni mama wa wanne. Wa kwanza alipofika miaka 14 akasema haendi tena, na mi nikafanya kila kosa ambalo mzazi anaweza kufanya, nilipiga kelele, nikachukua simu, nikamwambia atakwenda motoni, na kweli alikuja, alikuja miaka mitatu mikono kaikunja kifuani, alipoondoka nyumbani tu akaacha. Hao waliomfuata nilibadilisha njia na sasa hivi watatu wanakuja, siyo malaika lakini wanakuja, na mmoja anasoma somo la pili mara moja kwa mwezi. Kwahiyo ninachoandika hapa nimekijua kwa pande zote mbili.

Mwongozo huu ni kwa mwenye kijana wa miaka 12 hadi 17 anayeishi nyumbani. Mtoto mdogo anayekimbia kanisani ni habari nyingine kabisa.

Kabla hujaanza, hakikisha una haya

- Ratiba ya Misa zote za parokia yako na za parokia mbili tatu za jirani, pamoja na ile ya Jumamosi jioni.
- Ratiba ya kitubio, yaani saa za kuungama dhambi kwa padre. Watu wengi hawaijui ya parokia yao wenyewe.
- Biblia au kitabu cha masomo ya Dominika, au programu ya masomo kwenye simu, yoyote ile.
- Mwenzi wako, kama upo naye, mmeshakubaliana. Mkipingana mbele ya mtoto mmekwisha.
- Miezi sita ya uvumilivu. Siyo wiki mbili.

Na uijue sheria kidogo, manake wengi tunawatishia watoto kwa sheria ambayo hatujawahi kuisoma. Kanuni namba 1247 ya Sheria za Kanisa inasema waamini wanapaswa kushiriki Misa Dominika na sikukuu za amri. Namba 11 inasema sheria za Kanisa zinamfunga Mkatoliki aliyetimiza miaka 7 na mwenye akili timamu, maana yake kijana wako wa miaka 14 wajibu huo ni wake yeye mwenyewe, siyo "sheria ya mama". Halafu namba 1248 ndo wazazi wengi hawaitumii: Misa ya jioni ya siku iliyotangulia inatosha, na unaweza kusali kanisa lolote Katoliki, siyo lazima parokia yenu. Na Katekisimu, kile kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 2181 inakubali sababu nzito kama ugonjwa au kulea mtoto mchanga. Theoria imeisha, twende kazini.

Hatua ya 1: Anza na wewe

Kaa chini ujiulize. Unafika Misa imeshaanza? Unatoka mara tu baada ya Komunyo? Ukirudi nyumbani unamsema padre, unaisema kwaya, unasema nani kavaa nini? Wakati wa mahubiri simu yako iko wapi? Vijana wanaona kila kitu na hawasahau, wangu mmoja aliwahi kuniambia "mama wewe mwenyewe huwa unaangalia saa", na ilikuwa kweli.

Kama wewe mwenyewe umepoa kwenye imani, usijifanye. Mwambie mtoto, "na mimi nilikuwa nimelegea, nataka nianze upya, twende wote." Hilo lina nguvu kuliko hotuba. Mnamfahamu Mtakatifu Carlo Acutis, yule kijana aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 kwa leukemia, yaani saratani ya damu, na akatangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025? Mama yake ameeleza mwenyewe hadharani kwamba kabla ya Carlo alikuwa haendi kanisani kabisa isipokuwa matukio machache ya maisha yake, na ni maswali ya mtoto ndo yalimrudisha. Mzazi unaruhusiwa kurudi kupitia mtoto wako, hakuna aibu hapo.

Hatua ya 2: Ongea naye siku isiyo Jumapili

Jumapili asubuhi, mmoja yuko bafuni, mwingine anatafuta kiatu, wewe unapiga kelele tumechelewa, hapo hakuna mazungumzo, hapo kuna vita tu. Chagua Jumatano au Alhamisi, mkiwa mnafanya kitu kingine, mnaosha vyombo au mnatembea, kijana anaongea vizuri zaidi akiwa hakutazami usoni.

Muulize swali moja tu: "Pale kanisani ni nini hasa kinachokukera?" Halafu nyamaza. Akijibu usimrekebishe, usitaje watakatifu, usiseme "lakini". Sema "nimekusikia, ngoja nifikirie" na siku hiyo iishie hapo. Najua ni ngumu, ulimi unawasha, lakini ukimjibu siku hiyohiyo hatakwambia kitu tena.

Majibu yao ukiyachambua yanaangukia sehemu chache: amechoka na anataka kulala, anaona aibu kuonekana na wazazi, haelewi kinachoendelea, ana mashaka ya kweli kuhusu Mungu, au kuna mtu pale hataki kukutana naye. Kila moja ina dawa yake na ndo maana lazima ujue ni ipi kwanza. Wangu wa pili nilidhani ni mvivu kumbe kulikuwa na kundi la wenzake waliokuwa wanamcheka kwenye mafundisho ya Kipaimara, tukahamia Misa nyingine na tatizo likaisha ndani ya mwezi.

ONYO, na hili naomba ulisome mara mbili. Mtoto aliyekuwa anakwenda vizuri akabadilika ghafla, anaogopa mtu fulani, jengo fulani au kikundi fulani cha kanisani, usimlazimishe hata kidogo kurudi pale. Muulize taratibu, mwamini anachosema, na kama kuna mtu amemdhuru au amemgusa vibaya peleka taarifa kwa vyombo vya sheria na kwa uongozi wa jimbo, usikubali mtu akwambie mambo haya tuyamalize kimyakimya. Misa itasubiri, au mtasali kwingine. Usalama wa mtoto kwanza.

Hatua ya 3: Misa yenyewe haina mjadala, mengine yote achague yeye

Hapa ndo kiini cha mambo yote. Nilichojifunza ni kwamba kijana anachogombania mara nyingi siyo Misa, anagombania kupangiwa kila kitu. Kwahiyo mwambie wazi, kwa sauti ya kawaida: "Katika nyumba hii Dominika tunakwenda Misa. Hilo silibadilishi mpaka utakapokuwa unajitegemea. Ila Misa ipi, saa ngapi, kanisa gani, tukae wapi, unavaa nini, hayo chagua wewe." Halafu ukishasema hivyo shika neno lako. Akichagua Misa ya saa usiyoipenda nenda nayo. Akichagua kukaa na rafiki zake benchi la mbele yako, mwache. Akitaka suruali ambayo wewe huipendi lakini imefunika mwili na ni safi, funga mdomo.

Kosa kubwa la hapa ni kumpa achague halafu unamnyang'anya. "Chagua Misa unayotaka", akisema ya jioni unasema "aah jioni tuna wageni". Ukifanya hivyo mara mbili hatakuamini tena.

Hatua ya 4: Dominika inaanza Jumamosi usiku

Vita vingi vya Jumapili asubuhi ni usingizi tu. Siyo uvivu, mwili wa kijana aliyebalehe saa yake ya ndani inasogea mbele, usingizi unamjia usiku zaidi na asubuhi anaamka kwa shida, hiyo ni maumbile. Kumwamsha alfajiri kwa ajili ya Misa ya kwanza halafu kushangaa kwa nini amenuna siyo haki. Kama kuna Misa ya kuchelewa chukua hiyo, au ya Jumamosi jioni.

Jumamosi usiku fanyeni mambo haya: nguo ziwe tayari, viatu vionekane, simu zote zikachajiwe nje ya vyumba (na ya kwako pia, la sivyo usiseme kitu), na umkumbushe mara MOJA, "kesho tunaondoka saa fulani". Asubuhi mwamshe mara mbili, ya kwanza nusu saa kabla, usisimame mlangoni kama askari.

Na njaa! Kuna wazazi bado wanawazuia watoto kula tangu usiku. Kanuni namba 919 inasema saa moja kabla ya KOMUNYO, siyo kabla ya Misa kuanza, na maji na dawa havihesabiwi kabisa. Kwenye Misa ya kawaida ya Dominika Komunyo inakuja mwishoni mwishoni, kwahiyo kijana akimaliza kula nusu saa kabla ya Misa kuanza hana shida yoyote. Mtoto mwenye njaa hasikilizi Injili, anasikiliza tumbo.

Hatua ya 5: Dakika tano za masomo

Kinachomfanya aseme Misa inaboa mara nyingi ni kwamba masomo yanampita kama tangazo la redio. Jumamosi soma naye Injili ya kesho, Injili peke yake, inachukua dakika mbili tatu. Mweleze kwamba masomo ya Dominika yanazunguka miaka mitatu, mwaka A ni Mathayo, B ni Marko, C ni Luka, na Yohana anaingia hasa wakati wa Kwaresima na Pasaka, na mwaka mpya wa Kanisa unaanza Dominika ya kwanza ya Majilio, siyo Januari. Wangu wa tatu anapenda mambo ya mpangilio na hilo tu lilimfanya aanze kufuatilia tuko mwaka gani.

Halafu mpe kitu cha kwenda kukisikiliza. "Kesho padre ataeleza vipi huyu baba aliyemkimbilia mwanae?" Basi. Usije ukamfanyia mtihani baadaye.

Hatua ya 6: Mkiwa ndani

Kaeni mahali anapoweza kuona altare. Wengi tunakimbilia nyuma karibu na mlango, kule nyuma mtoto anaona migongo ya watu tu na watoto wanaolia, hata mimi mtu mzima kule nasahau niko kwenye Nasadiki au nimeshafika Baba Yetu.

Usimfinye, usimpige kiwiko, usimtolee macho. Hajaimba? Mwache. Hajapiga magoti vizuri? Mwache. Imba wewe, piga magoti wewe. Simu mmeshakubaliana nyumbani kwamba inazimwa, akiitoa mwangalie mara moja tu kisha urudishe macho altareni.

Na akisinzia kwenye mahubiri usione dunia imekwisha. Matendo ya Mitume 20 kuna kijana anaitwa Eutiko alikaa dirishani, Paulo akahubiri mpaka usiku wa manane, kijana akalala akaanguka kutoka ghorofa ya tatu, wakamwokota amekufa, na Paulo hakumgombeza, alishuka akamkumbatia na akawa hai. Wasimulie vijana wako kisa hiki, hawaamini kama kipo kwenye Biblia.

Hatua ya 7: Kumleta Misa unaweza, kumlazimisha Komunyo HAPANA

Nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndo sehemu tunayoharibu zaidi bila kujua.

Ukiwa mzazi unaweza kudai mwili wake ufike kanisani. Moyo wake huna mamlaka nao. Komunyo na kitubio ni vitu vya moyo. Kanuni namba 916 inasema mtu anayejijua ana dhambi nzito asipokee Komunyo bila kuungama kwanza. Sasa fikiria kijana wako ana jambo lake, anajua kabisa hayuko sawa, na anabaki benchi kwa heshima ya Ekaristi. Wewe unafanyaje? Unamgeukia, "inuka, kwa nini hukomuniki, watu wanaangalia!" Hapo umemwambia mambo mawili: kwamba macho ya watu ni makubwa kuliko Ekaristi, na kwamba lazima aungame kwako kabla hajaungama kwa padre. Atainuka, atapokea vibaya, na wiki ijayo hatataka kuja kabisa ili asiingie kwenye mtego ule.

Nililifanya hili kwa mkubwa wangu. Nilimsukuma mgongoni, kweli, kwa mkono wangu. Nikikumbuka naumia mpaka leo.

Kwahiyo akibaki benchi, pita taratibu, nenda kapokee, rudi, piga magoti. Njiani usiulize. Nyumbani usiulize. Mwezi mzima ukipita hajapokea bado usiulize, unachoweza kufanya ni kusema kwa wote, "Jumamosi naenda kuungama, anayetaka lifti au kusindikizana tutoke saa fulani." Nenda kweli. Pale foleni ya kitubio simama wewe, yeye akae popote anapotaka, ajiunge au asijiunge.

Mambo mawili mwambie kuhusu kitubio manake vijana wengi wanaogopa bure. Moja, padre hawezi kumwambia mtu yeyote alichosikia, hata mzazi, hata iweje, kanuni namba 983 inasema siri ya kitubio haivunjiki. Pili, siyo lazima aungame kwa paroko anayemjua sauti, akitaka mpeleke parokia nyingine ambako hajulikani. Mwanangu wa pili alikaa karibu mwaka mzima bila kitubio, nilipomwambia hili la pili aliniuliza "kweli inaruhusiwa?" na wiki ileile akaenda.

Hatua ya 8: Njia ya kurudi

Baada ya Misa usifanye ukaguzi. "Umeona ulivyokuwa umekaa?" "Mbona hujaimba?" Ukifanya hivyo Misa kwake inakuwa mahali pa kuchunguzwa. Dakika kumi za kwanza ongea habari nyingine yoyote.

Akianza mwenyewe kulalamika kwamba mahubiri yalikuwa marefu, mwache alalamike kwa adabu, siyo dhambi. Hata Papa Fransisko, Juni 2024, aliwaambia mapadre mahubiri yasizidi dakika nane. Ila usiishie kwenye urefu, muulize "na wewe ungeihubirije ile Injili?" Nimepata majibu ya ajabu sana kwa swali hilo, mengine nimeyabeba wiki nzima.

Na mkae pamoja kidogo baada ya Misa, hata dakika ishirini tu, kitu ambacho anakipenda. Siyo zawadi ya kwenda Misa, ni sehemu ya Dominika yenu, iwe amekaa vizuri kanisani au vibaya.

Hatua ya 9: Mpe kazi (kwa ridhaa yake)

Kijana akiwa na kazi kanisani mambo yanabadilika. Utumishi wa altare, kusoma masomo, kwaya, kupiga kinanda, mitambo ya sauti, kupokea watu mlangoni. Wa kwangu aliyekuwa haimbi kabisa alipewa kazi ya kusaidia kwenye maikrofoni na sasa anafika kabla yetu sisi.

Lakini usimwandikishe nyuma ya mgongo wake! Mwulize kwanza, akikubali aende mwenyewe kuongea na padre au katekista. Mpangie muda, miezi mitatu, akimaliza aamue kuendelea au kuacha, na akiacha isiwe kesi.

Hatua ya 10: Mtafutie mtu mzima mwingine

Kuna umri mzazi hasikiki, hata useme dhahabu. Msimamizi wake wa ubatizo au wa Kipaimara siyo wa kupiga naye picha tu, kanuni namba 774 inamtaja pamoja na wazazi kwenye kuwalea watoto katika imani. Mpigie simu umwombe awe anakwenda naye Misa mara moja moja, wao wawili, bila wewe. Wangu anamwambia mama yake wa Kipaimara mambo ambayo mi sijawahi kuyasikia, na sijawahi kumuuliza yule mama kaambiwa nini.

Makosa ninayoyaona kila siku

Kutumia Misa kama adhabu ("umekosea, sasa utakwenda Misa mbili"). Kumlipa hela ili aende. Kumlinganisha na mtoto wa fulani anayetumikia altare. Kumtisha na moto wa milele kila anapochelewa kuamka. Kusema "unanitia aibu". Mtume Paulo kwenye Waefeso 6:4 ameandika "msiwachokoze watoto wenu", na sisi tunapenda kuwasomea mstari wa kwanza wa sura ile tu, ule wa watoto watiini wazazi wenu, tunafunga Biblia kabla hatujafika kwenye wetu.

Ukikwama

*Anasema haamini Mungu.* Usizimie. Muulize Mungu gani haswa asiyemwamini, mara nyingi anachokikataa na wewe ungekikataa. Mwambie mashaka yake yana nafasi nyumbani kwenu na anaweza kuja nayo Misa, akae tu, asikilize, Komunyo asipokee kama haamini na huo ni uaminifu. Kama maswali yake ni ya sayansi au ya mateso duniani, mtafutie padre au katekista anayependa maswali, siyo yule anayekasirika.

*Mwenzi wangu haendi, na mtoto anasema "mbona baba habanwi?"* Usimseme baba yake. Sema "baba ni mtu mzima, anajibu mwenyewe kwa Mungu, wewe bado uko mikononi mwangu." Na mwenzi wako muombe kitu kimoja tu kidogo, asimtetee mtoto kubaki. Ndoa ya imani mbili ni vilevile, heshima kwanza.

*Ana mechi au mtihani Jumapili.* Jumamosi jioni, au Misa ya Jumapili usiku. Mkae naye mpange ratiba Jumatatu, siyo siku yenyewe. Mkiwa safarini angalieni kanisa la karibu kabla hamjaondoka.

*Anauliza kwa nini asiangalie Misa kwenye televisheni au intaneti.* Kwa mgonjwa asiyeweza kutoka ni faraja kubwa. Kwa mzima haichukui nafasi ya kufika, kwa sababu huwezi kupokea Ekaristi kupitia kioo. Mwambie hivyohivyo kwa kifupi.

*Anakuja lakini amenuna wiki kumi mfululizo.* Hiyo siyo kufeli. Amekuja. Endelea na hatua ya 3 na ya 8, usiguse uso wake.

*Amekataa katakata, ana miaka 17, amenizidi urefu.* Usimburute, usipigane naye mlangoni. Sema mara moja, "nimeumia, na msimamo wangu unaujua", halafu nenda Misa wewe, kwa wakati. Ukirudi msalimie kama kawaida na mpe chakula kama wengine, usimnunie siku nzima. Wiki ijayo mwalike tena kwa maneno yaleyale. Tafuta mazungumzo ya katikati ya wiki, rudi hatua ya 2, kuna kitu hukukisikia. Na umkumbuke Mtakatifu Monika, mama yake Mtakatifu Agostino. Agostino alibatizwa na askofu Ambrosi kule Milano Pasaka ya mwaka 387, akiwa na miaka 32, mama yake amelia miaka mingi, na mwaka uleule yule mama akafariki. Aliishi kuiona, lakini hakuiona mapema.

*Ametimiza 18 na ameondoka nyumbani.* Kwa Sheria za Kanisa huyo ni mtu mzima na kazi yako ya kuamrisha imeisha. Unabaki na sala na mwaliko. Mkubwa wangu namtumia ujumbe kila Jumamosi, mfupi, "kesho nipo Misa ya saa tatu, benchi la kushoto karibu na nguzo", sijaongeza neno, sijauliza. Miezi mingi hakujibu. Wiki mbili zilizopita aliandika, "ya jioni ipo?" nikamjibu ipo, saa kumi na moja. Hakuja siku hiyo. Jumamosi hii namtumia saa zote mbili.